Tumekuja Kukaa

Jumatatu, 3 Juni

Bwana Endelevu amekuja kuaga. Jina hilo nimempa mimi. Ni mshauri wa wafadhili wa chama chetu cha kuweka na kukopa, na neno "endelevu" halimtoki mdomoni. Chama endelevu, mikopo endelevu, hata choo cha ofisi alitaka kiwe endelevu. Sasa mwisho wa mwezi huu wafadhili wanafunga mkoba. Miaka waliyoahidi imekwisha. Kuanzia hapo mishahara, kodi ya ofisi, karatasi, mpaka sabuni, vyote vibebwe na riba yetu wenyewe. Tukiweza, tupo. Tusipoweza, ndiyo basi tena.

Kaniuliza mimi meneja kama tutasimama. Nikamwambia tutasimama! Kwa sauti kubwa mno. Nadhani nilikuwa najiambia mwenyewe.

Nikampeleka kwenye mkutano wa kikundi cha bondeni, akawaage wanachama. Kumbe Mama Vyungu leo hana rejesho la mkopo wake. Anafinyanga na kuuza vyungu, na safari hii vyote vimempasukia motoni. Basi wakakaa. Hiyo ndiyo sheria fupi kuliko zote kwenye katiba yetu, na waliitunga wao kabla mimi sijaajiriwa: mmoja akipungukiwa, hakuna anayeinuka. Hawamsemi. Hawamtazami hata kidogo. Wanakaa tu kwenye mikeka yao, huyu anamsuka mwenzake, yule anamenya karanga, wanasimuliana habari za ng'ombe aliyeingia darasani akamkuta mwalimu amesinzia. Mama Vyungu mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi.

Bwana Endelevu akaninong'oneza: wanafanya nini? Wanakaa, nikamwambia. Wanasubiri nini? Wanakaa tu! Akatazama saa yake. Akaitazama tena. Jua limeshaanza kuinama ndipo mmoja akafungua fundo la kitambaa chake, akaweka kidogo. Wa pili akaongezea. Wa tatu. Likatimia. Wakainuka, wakakung'uta nguo, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama Vyungu atawalipa polepole, wanamjua.

Nimeliona jambo hili sijui mara ngapi. Na bado kila mara vinyweleo vinanisimama.

Nikarudi na Bwana Endelevu. Tulipofika ofisini akachukua funguo za gari, maana gari ni la wafadhili, linarudi kwao. Na nembo yao itoke kwenye kibao cha mlangoni, ndivyo mkataba unavyosema. Sawa. Itoke. Nimeshamwita Kesho.


Jumanne, 4 Juni

Kesho ni fundi rangi. Jina linajieleza. Lakini leo — ajabu! — amekuja leo. Nikamwonyesha nembo, nikamwambia futa hii tu, maneno yetu yaache palepale. Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. Kasema rangi haiendi hivyo, itabaki kama kiraka kwenye suruali mpya. Bora apake kibao chote cheupe, kisha aandike upya, herufi za kung'aa. Nikakubali. Nani anabishana na fundi?

Akapaka. Kibao kikawa cheupe pee. Na maneno je? Kikauke kwanza. Lini? Akacheka, akashuka ngazi, akaenda zake.

Taratibu katoka nje kukitazama. Huyu ni keshia wangu. Kila noti anaihesabu, anairudia, kisha anaipapasa kama anaiuliza habari za nyumbani. Kasema kibao kinamtisha, eti kama jicho lisilo na mboni. Nikamwambia rudi dirishani, acha mashairi.


Jumatano, 5 Juni

Kesho hakuja. Simu haipatikani. Mkewe anasema kaenda kwa dada yake aliyejifungua, atarudi — wee acha tu.

Sina gari tena, kwa hiyo nimepita sokoni kwa miguu. Mungu wangu! Miaka yote nimekuwa nikipita pale nyuma ya kioo chenye vumbi, sikuona kitu. Leo nimeona hela zetu. Nimeziona zinatembea! Ile cherehani chini ya kibanda, yetu. Mbuzi wale wawili wanaogombania ganda, wetu. Pampu ya yule mwenye bustani, inayorusha maji mpaka barabarani, yetu. Yule binti wa simu mbovu, bisibisi zake zote. Vyote vimetoka kwenye sanduku moja la chuma lenye mlango unaolia kama zizi. Nilisimama katikati ya njia, muuza mkaa akanipigia kelele nimpishe. Nilikuwa nimeduwaa kweli.

Chakula cha jioni, mama mkwe kaniuliza: mwanangu, ni kweli mmefunga? Nikacheka. Nani kasema, mama? Watu. Watu gani? Watu tu. Nikamwongezea mboga.


Alhamisi, 6 Juni

Ningejua jana nisingecheka.

Asubuhi nimefika nikadhani kuna harusi. Watu ukuta mzima, mpaka mlangoni kwa muuza dawa. Kila mmoja na kitabu chake cha akiba kifuani. Gari limeondoka, mshauri ameaga, kibao cheupe! Wamejumlisha wenyewe: chama kimekufa. Na maneno yamefutwa ili watu wasijue wamshtaki nani. Hilo la mwisho nimelisikia kwa masikio yangu haya, na aliyelisema alikuwa ametoka kunisalimu vizuri tu.

Nikapanda ngazi ya mlangoni. Jamani, ni rangi! Ni rangi tu! Wakanitazama kwa huruma, kama mgonjwa ambaye hajaambiwa. Mama mmoja akauliza kama chama ni kizima, basi hela zake ziko wapi, azione. Hapo ndipo penyewe. Hela hazipo. Haziwezi kuwapo zote! Zikilala zote kwenye sanduku, riba itoke wapi, mshahara utoke wapi, chama si ndiyo kimekufa? Nikamwambia zako ziko kwenye ng'ombe wa huyo aliye nyuma yako. Akageuka akamtazama jirani yake juu mpaka chini. Jirani akasema ng'ombe hauzi. Watu wakaangua kicheko. Lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Nimelipa. Kila aliyefika dirishani kalipwa. Taratibu huyu ambaye nimemgombeza miaka yote kwa vidole vyake vizito, leo ningembusu mbele ya mkewe. Noti, noti, papasa. Rudia. Foleni ilisinzia wima. Saa ya kufunga ikatukuta na kitu sandukuni.

Sasa niandike la aibu. Katikati ya asubuhi nainua macho, nani yuko kwenye foleni? Mkoba kwapani, miwani ya kusomea usoni — mama mkwe! Nikatoka mbio. Mama, unafanya nini hapa? Akaniangalia kama hatujawahi kuonana.

"Mimi ni mteja kama wateja wengine."

Nikambembeleza kwa sauti ya chini. Mama, wakikuona wewe wataonaje? Kasema ndiyo maana kawahi, wasije wakammalizia. Kachukua zake zote, zile za mabati ya paa lake alizodunduliza tangu baba mkwe yu hai. Kazihesabu mbele ya kadamnasi. Kamwambia Taratibu asante mwanangu. Kapita. Foleni nzima ikatoa sauti moja: ahaa! Baada ya hapo ikawa ndefu maradufu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu.


Ijumaa, 7 Juni

Nimepiga simu benki ya mjini. Akiba yetu ya dharura iko kule, inatosha kabisa, haina shida. Shida ni saini. Mmoja wa watia saini alikuwa wa wafadhili, ameshatolewa, na jina jipya halijapitishwa. Katikati ya wiki ijayo, kasema yule bwana wa benki, kwa adabu zote. Yaani tunazo! Tunaziona kama nyama iliyo ndani ya kabati la kioo.

Mchana simu ikalia. Mwenye Mashine. Ana mashine ya kusaga nafaka pale njiapanda, na ndiye mwenye akiba kubwa kuliko wote. Jumatatu anakuja kuchukua zote. Zote! Sikumlaumu. Aliwahi kuliwa hela zake na chama kingine, zamani, akaanza upya kwa kusaga kwa mikono. Mtu aliyewahi kuliwa huwezi kumwambia "niamini". Na haki ni yake: akiba ikidaiwa hailali, ilipwe siku hiyohiyo. Tukishindwa, anakwenda kwa mrajisi wa vyama, na mrajisi anakuja na kufuli lake. Hilo halina mjadala.

Bwana Endelevu naye kapiga. Kanishauri nifunge wiki moja, nibandike tangazo la ukaguzi. Nikamwambia tukifunga wiki moja tumefunga moja kwa moja, nani atatuamini tena tukifungua?  Kisha akasema kwa kweli hajui la kuniambia. Ndiyo mara ya kwanza anajibu bila lile neno lake. Nikampenda kidogo.

Nyumbani nikamkuta baba watoto na cherehani yake, hashoni. Binti yetu kapata nafasi chuo cha uuguzi. Ada yote iko chamani, mpaka senti ya mwisho. Kaniuliza kama tuitoe. Hakupaza sauti, huwa hapazi.

"Simuulizi meneja. Namuuliza mama wa mtoto."

 Funguo ziko mkobani mwangu. Kesho Jumamosi hakuna kazi. Nikifungua nikachukua zetu tu, halali yetu, nani atajua? Nimeliandika hili nilione lilivyo. Haya, nimeliona. Ni baya, na linanivuta. 

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu uchungu wa mtoto wa kwanza.


Jumamosi, 8 Juni

Fundi hajarudi na mimi uvumilivu umenishinda. Nimeazima ngazi kwa muuza dawa, nimenunua kopo la rangi nyeusi, nimepanda mwenyewe. Waone kwamba tupo! Herufi za kwanza zilitoka nzuri, kubwa, za kujivunia. CHAMA CHA KUWEKA NA KUKO — kibao kikaisha. Kikaisha! PA haina pa kukaa.

Nimeshuka, nimetazama, nimecheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Muuza dawa katoka dukani kwake, kasoma kwa sauti: kuweka na kuko. Kuko nini, meneja? Kuko hela? Nikamwambia kuko rangi kwenye nywele zangu, niletee mafuta ya taa.

Ofisi sikuifungua. Funguo zilikuwa mkobani, mkoba ukining'inia kwenye ngazi, mkono wangu ukiuona muda wote. Nimerudi nazo nyumbani. Baba watoto hakuuliza. Kanisugua rangi shingoni.


Jumapili, 9 Juni

Haya ya leo nikiyasimulia nitaambiwa natia chumvi.

Mama mkwe hajalala tangu Alhamisi. Hela aliziweka ndani ya mto, shingo ikamuuma. Akazihamishia kwenye kopo la unga, akaogopa panya. Nyuma ya mtungi, akaogopa unyevu. Akisikia mlango anaamka, akisikia kuku anaamka. Macho yamemvimba. Leo kaniita chumbani kwake, kafunga mlango, kaketi kitandani.

"Mwanangu, hizi zitaniua. Nitunzie."

Wapi, mama? Akainama sikioni kwangu. Pale kazini kwako. Si mna lile sanduku la chuma?

Lo! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akanikazia macho. Nikamuuliza mama, unajua umezitoa humohumo? Anajua, yeye si mtoto mchanga. Alizitoa kwa sababu watu wanatoa. Sasa anataka zirudi, ila zikae pembeni, peke yake, wasipewe watu.

Kicheko kikanikauka. Nikakaa kitandani naye. Nikamwambia mama, hakuna pembeni. Zikishaingia mle zinatoka. Zinakuwa mbuzi, zinakuwa bisibisi, zinakuwa kitanda cha mtu. Zikirudi zimenenepa kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachotulipa sisi na kukulipa wewe. Tukiziweka pembeni, za kila mtu peke yake, ni sanduku tu, chama hakuna. Kaa nalo uvunguni mwako mwenyewe.

Akawaza. Akavua miwani akaifuta. Akauliza: na paa langu, mpaka juzi lilikuwa kwa nani? Nikasema sijui, pengine kwenye pampu ya yule mwenye bustani. Akaguna. Kasema pampu nzuri ile. Ameiona ikirusha maji.

Kisha akafunga fundo lake, akarudisha mkoba kwapani. Hakunipa. Sikumlazimisha. Mwenyewe nilikuwa nimebaki na maneno yangu kichwani. Nani alinifundisha kuyasema hayo? Miaka yote naandika ripoti, sijawahi kuyasema hivyo.

Kesho ni kesho. Sio fundi. Kesho yenyewe.


Jumatatu, 10 Juni

Naandika nikiwa uwanjani mbele ya ofisi, chini, daftari magotini. Nikisubiri kufika nyumbani nitaamini nimeota.

Nimekuja mapema. Nikakata kona. Uwanja umejaa. Watu, watu, watu!  Nikasema basi, yamekwisha, hata Mwenye Mashine hajafika. Nikasogea. Ndipo nikaona hakuna foleni. Hakuna kitabu cha akiba kifuani kwa mtu. Wamekaa! Mikeka imetandazwa kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji, viatu vimepangwa kando. Kikundi cha bondeni mbele, nyuma yao cha wafugaji, cha washonaji, cha wale mabinti wa simu. Mmoja anasukwa. Mmoja ananyonyesha. Wanamenya karanga.

Nikasimama kama nguzo. Mama Vyungu akainua uso, akanisalimu, akanijulia hali ya mama mkwe na ya watoto, salamu ndefu kama vile tumekutana kisimani. Nikamuuliza mama, kuna nini? Akasema kama mtu anayejibu kitu cha wazi kabisa:

"Tumesikia mwenzetu amepungukiwa. Tumekuja kukaa."

Mwenzetu nani? nikauliza. Kweli niliuliza, mimi mwenye elimu yangu! Akanyoosha kidole. Kwenye kibao. CHAMA CHA KUWEKA NA KUKO.

Nimeingia ndani nikafunga mlango wa choo nikalia. Si kwa huzuni. Sijui nililia kwa nini, nililia tu. Miaka mingapi nawaza tutakifanyaje chama kisimame, nani atakibeba, kifungu gani, asilimia gani. Wao walishakiingiza kwenye kikundi. Ni mwanachama wao! Leo hana rejesho. Basi hawainuki.

Nikanawa, nikatoka, nikamwambia Taratibu fungua dirisha.

Mwenye Mashine akaja na begi. Safi, shati jeupe, unga kidogo kwenye nyusi, hautoki ule. Akakuta njia ya kupita ni katikati ya mikeka. Shikamoo huku, habari huku, karibu ukae. Hapana, asante, ana haraka. Karibu ukae. Akafika dirishani amelowa jasho. Taratibu akaanza. Noti, noti, papasa. Rudia. Hakuna aliyenyanyua shingo kutazama. Wanazungumza habari za yule ng'ombe wa darasani, sasa wamekuwa wawili, na mwalimu amekuwa mkaguzi wa elimu. Watu wanacheka. 

Hata mchana haujafika, sanduku likawa jeupe, tupu. Taratibu akanigeukia. Nikaja dirishani mwenyewe. Nikamwambia Mwenye Mashine ukweli wote, wa benki, wa saini, wa katikati ya wiki. Hizi hapa zimehesabiwa, zilizobaki hazipo, na siku haijaisha. Sikuona haya kuyasema. Akageuka, akautazama uwanja. Na hawa wote wanasubiri nini?

Wanakaa, nikasema.

Ndipo yule mama wa Alhamisi, aliyetaka aonyeshwe hela zake, akafungua fundo la kitambaa. Nikamwona kwa macho yangu. Akaja dirishani, akaweka zilezile alizotoa, akarudi mkekani.  Mwenye pampu akaja akalipa rejesho la wiki ijayo. Binti wa bisibisi akaweka sarafu, sarafu tupu, Taratibu akazihesabu moja moja kama dhahabu. Kila mmoja anarudi anakaa. Kidogo kinaingia dirishani, kinasogea hatua moja, kinalala kwenye rundo la Mwenye Mashine. Hatua moja tu! 

Bwana Endelevu kafika kwa pikipiki ya kukodi. Anasema hakuweza kukaa mjini akisubiri simu. Hakuniuliza hesabu. Kaniuliza akae wapi. Kakaa chini na suruali yake nzuri, mtu akampa karanga amenye. Baadaye kaninong'oneza: neno lao ni fupi kuliko langu. Nikamwambia nyamaza, hapa hatuongei kazi.

Halafu baba watoto. Sikumwita! Kaja na shati la mteja na sindano, kakaa mkeka wa nyuma, anashona kifungo. Hajasogea dirishani. Hajanitazama. Ada ya binti yetu iko mle, au haiko mle, iko kwenye rundo lile, na yeye anashona kifungo. Nampenda mtu huyu. Sijaliandika neno hilo humu tangu nianze kuandika.

Wa mwisho, mama mkwe. Mkoba kwapani, miwani usoni. Watu wakampisha. Nikamkimbilia kumshika mkono, akautoa mkono wangu. Yeye ni mteja kama wateja wengine! Akafika dirishani, akaweka fundo lake, akapaza sauti mpaka bomba la maji likasikia:

"Nimekuja kuweka. Na zisikae pembeni."

Uwanja mzima ukacheka, hata wasiojua kisa. Taratibu akahesabu mabati yote ya paa la mama. Kisha, mbele ya macho yake, yakasogea hatua moja. Mama akayasindikiza kwa macho mpaka kwenye begi la Mwenye Mashine. Nikadhani atapiga kelele. Akamwambia Mwenye Mashine uyatunze mwanangu, mimi yaliniumiza shingo. Akatafuta mkeka.

Bado hazijatimia. Pengo limebaki, si dogo, na mafundo mengi yameshafunguliwa. Jua limeinama. Vivuli vya watu vimefika ukutani. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyemtazama Mwenye Mashine tangu aje, na nadhani hilo linamsumbua kuliko kama wangemtukana. Amesimama katikati na begi lake lililojaa nusu. Akienda kwa mrajisi sasa hivi atamkuta ofisini. Njia iko wazi, hakuna anayemzuia, hata mikeka imeacha kijinjia.

Ametazama barabara. Ametazama kibao, anasoma, midomo inacheza. Ametazama begi. Kamuuliza Taratibu kitu, sikusikia, Taratibu katikisa kichwa polepole kama kawaida yake.

Mama Vyungu amesogea. Hajasema lolote, anaendelea na hadithi ya ng'ombe, ila amesogea, na mama mkwe naye kasogea upande wa pili. Kati yao pamebaki nafasi ya mtu mmoja.

Mwenye Mashine ameweka begi chini. Ameinama. Sijui anataka kulifunga au —

Amevua kiatu kimoja.